Kundi la Waliobaki

Annemette alikuja na keki, na hapo hapo Lisbet akajua kuna neno. Mtu anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwako, ambaye tangu watoto wenu wakiwa kwenye vigari amekuwa akiingia jikoni bila hodi, hatembei na keki Jumatano jioni pasipo sababu. Isitoshe, leo alibisha mlango.

"Ingia, mbona unabisha kama wakala wa bima?" Lisbet akamwambia.

"Sikutaka kuwavamia," Annemette akasema, akaingia akichungulia kama mgeni.

Ejgil, mumewe, alikuwa ndiyo kwanza arudi kutoka kiwanda cha madirisha. Alikuwa na soksi tu miguuni, amesimama kando ya sinki, anakula mkate mweusi uliopakwa maini ya kusaga. Alimwitikia Annemette kwa kichwa kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa.

Juu, chumbani, binti yao Tilde alisikia sauti ya mama yake Karla, rafiki yake, akadhani Karla naye amekuja. Alishuka ngazi hadi katikati, ndipo akasikia jina lake likitajwa kwa ile sauti ambayo watu huitumia wakimzungumzia mgonjwa. Akakaa pale pale kwenye ngazi.

"Nasikia kura ya masomo yatakayotahiniwa imetoka," Annemette alikuwa akisema. "Hisabati ya mdomo."

"Ndiyo hivyo," Lisbet akajibu, akamimina kahawa.

"Sasa, mimi na Flemming tumekaa tukazungumza. Mnajua Tilde kwetu ni kama mtoto wetu."

"Tunajua," Ejgil akasema. Alikuwa ameacha kutafuna.

"Tatizo si yeye. Tatizo ni huu mtihani wenyewe. Wanafanya kwa kundi, lakini alama anapewa kila mtu peke yake. Kama katika kundi kuna mmoja ambaye, nisemeje, anahitaji kuelezwa sana, wenzake hawapati nafasi ya kuonyesha walichonacho. Karla anataka sekondari ya juu. Malthe wa kundi lao vilevile. Tukaona labda wao wawili wangefanya peke yao, na Tilde akawa na watu wa mwendo wake. Hata kwake ingekuwa afadhali."

"Watu wa mwendo wake," Ejgil akarudia. "Kama farasi."

"Ejgil!" Lisbet akamkanya.

"Sikusema hivyo," Annemette akasema, uso umemwiva.

"Hapana, umesema vizuri sana. Na keki nayo ni nzuri."

Keki ilikuwa bado haijakatwa. Ejgil angeweza kusema zaidi, na alikuwa nayo ya kusema, ila Flemming, mume wa Annemette, ndiye msimamizi wake kule kiwandani, ndiye anayepanga nani atafanya zamu gani. Akameza mkate, akameza na maneno.

Lisbet alizungusha kijiko kwenye kikombe ambacho hakikuwa na sukari. "Karla mwenyewe anasemaje?"

"Karla amekubali. Ila ana moyo laini, hawezi kumwambia mwenzake usoni. Ndiyo maana nikasema nije mimi, mtu mzima."

Pale kwenye ngazi, Tilde aliyasikia yote ya nyuma bila kuumia sana. Hilo la Karla kukubali ndilo lililompata. Alirudi juu akikanyaga pembeni mwa mbao, pale pasipolia.

*

Kusema kweli Annemette hakuzua. Henning, mwalimu wao wa hisabati, aliamini watoto hujifunza kwa kufundishana. Katika darasa lake hakuna aliyekaa peke yake. Kila meza ilikuwa na kundi na kila mtu alikuwa na kazi yake: mmoja anasoma swali, mmoja anachora kwenye kompyuta, mmoja anaeleza sababu. Kila wiki kazi zilitakiwa zibadilishane mikono, na Henning aliamini zinabadilishana, kwa sababu kila alipopita aliona vichwa vitatu vimeinamiana na sauti za chini za watu wanaofanya kazi.

Ila kwenye meza ya Karla kazi hazikubadilishwa tangu vuli. Malthe alisoma, Karla alieleza, na Tilde alikaa mbele ya kompyuta. Alikuwa mwepesi kwa ile programu ya michoro kuliko mtu yeyote darasani, pengine kuliko Henning mwenyewe. Ungemtajia umbo lolote angelijenga ungali unapumua, kisha angelivuta kwa ncha likanyooka, likapinda, namba zikikimbia pembeni. Ila ukimwuliza kwa nini namba imeishia pale na si kwingine, alimtazama Karla. Na Karla alijibu. Mambo yakaenda hivyo kwa raha, hakuna aliyelalamika, na siku zote mchoro wao ndio uliokuwa mzuri kuliko yote.

Mtihani wa kuandika ulikuwa umeshafanyika mwanzoni mwa Mei. Huko hakukuwa na Karla wa kumtazama. Tilde alitoka akijua ameharibu, asichojua ni kwa kiasi gani.

Na hilo halikuwa jambo dogo. Kule Thyborøn, bandarini, fundi mmoja wa umeme wa meli aitwaye Aksel alikuwa amemkubali Tilde kama mwanagenzi. Alimjaribu likizo ya vuli, akampenda kwa sababu hakuogopa kuingia kwenye matundu ya injini na hakuongea ovyo. "Agosti njoo," alimwambia. "Ila chuo cha ufundi Holstebro lazima wakupokee, mimi huko sina ubavu." Na chuo kilikuwa na mstari wake: wastani wa alama mbili katika hisabati, ya kuandika na ya mdomo, na mbili ndiyo alama ya mwisho ya kupona kwenye ngazi inayofika kumi na mbili. Chini ya hapo angekaa shule mwaka mzima zaidi, na Aksel, ambaye karakana yake ilikuwa na nafasi ya mwanagenzi mmoja tu, angemchukua mwingine.

"Nampigia simu Henning," Lisbet akasema Annemette alipoondoka. "Hawawezi kumtupa mtoto mwezi mmoja kabla ya mtihani."

"Ukimpigia atafanya nini? Atamlazimisha Karla?" Ejgil akauliza. "Halafu mtoto akae meza moja na watu wasiomtaka?"

"Kwa hiyo tunyamaze tu."

"Sijasema tunyamaze. Mimi nasema, sijui."

Tilde akaingia jikoni, akafungua kabati la mikate kana kwamba ana njaa. "Msipige simu," akasema bila kugeuka.

Wazazi wake wakatazamana. Hawakumwuliza amesikia kuanzia wapi. Keki ilikaa mezani hadi kesho yake, Ejgil akaibeba kazini, akawagawia wenzake.

*

Henning aliandika makundi ubaoni siku ya Ijumaa, kila mtu akajichagulia. Kelele zilipotulia, majina mawili yalikuwa hayana pa kukaa. Moja lilikuwa Tilde. La pili lilikuwa Osvald, ambaye hata hakuwapo.

"Basi, nyinyi wawili," Henning akasema kwa uchangamfu wa mtu anayebandika plasta. Kuna aliyecheka nyuma. Karla alikuwa akitafuta kitu ndani ya mkoba wake, akakitafuta hadi kengele ikalia.

Osvald alikuwa kijana mrefu aliyevaa kofia ya koti kichwani hata ndani ya nyumba. Majira ya baridi alikuwa ameacha kuja shule kabisa, kisha akaanza kuja siku moja moja, anakaa karibu na mlango. Hakuwa mkorofi. Ukimwuliza jambo mbele ya watu, midomo yake ilitikisika na hakuna kilichotoka.

"Darasani hataweza," Henning alimwambia Tilde pembeni. "Lakini mama yake anasema anaweza kuja kwenu, kama kwenu kumetulia."

"Kwetu kuna baba," Tilde akasema.

"Basi mwambie baba atulie."

Mara ya kwanza alipokuja, Ejgil alikuwa dirishani. "Kuna mtu uani anaitazama kengele," akatangaza. "Nimfungulie au anaisoma?"

"Baba, toka hapo. Nenda sebuleni, na usimsalimie."

"Nisimsalimie mgeni nyumbani kwangu?"

"Usimsalimie."

Ejgil akaenda sebuleni, akafungua televisheni bila sauti.

Wakaketi jikoni. Tilde akafungua kompyuta, akaanza kama alivyozoea: akasoma swali upesi, akajenga umbo, akavuta, namba ikatokea. Akaigeuza kompyuta imwelekee Osvald. Osvald alikuwa na penseli na karatasi na hakuwa amevigusa.

"Kwa nini?" akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini iwe hapo?"

"Kwa sababu programu imesema."

"Haijasema," Osvald akamjibu taratibu. "Imechora."

Tilde alihisi masikio yakimwaka. Alitaka kumwambia kwamba mtu asiyekuja shule hana haki ya kumfundisha mtu anayekuja. Badala yake akasema, "Haya, wewe unayejua, sema."

"Sijui. Ndiyo maana nauliza."

Swali moja likawalia jioni nzima. Kesho yake, vilevile. Kila Tilde alipobonyeza, Osvald aliuliza kwa nini, na hakukuwa na Karla wa kutazamwa. Siku moja Tilde alifunga kompyuta kwa kishindo, akasema, "Ukiniuliza tena nitakumwagia maziwa." Osvald akasogeza karatasi zake mbali na jagi la maziwa, akauliza tena. Tilde akacheka bila kupenda, na akajibu, na jibu lilikuwa sahihi. Alishtuka kuliko alivyofurahi.

Naye Osvald alikuwa na lake la kujifunza. Siku zote alikuwa ameidharau ile programu, akiiona ni njia ya kuibia. Tilde akamshika mkono akauweka kwenye kipanya, akamwambia avute ncha ya pembetatu. Osvald akavuta. Pembetatu ikanyooka ikasinyaa, na zile pembe tatu zikabadilika kila moja, ila jumla yake haikutikisika hata kidogo.

"Zote," akasema. "Unaziona zote kwa pamoja."

"Ndiyo ninachokuambia siku zote."

"Hujawahi kuniambia."

"Nilidhani unaona."

Lisbet alijifunza kuweka sahani ya mkate mlangoni na kuondoka, kwa maana akiingia tu, Osvald alikatika katikati ya neno. Ejgil alitembea kwa ncha za vidole. "Nyumba yangu mwenyewe, nimekuwa kama mwizi," alinung'unika, lakini kwa kunong'ona.

"Kwani mbele ya watu inakuwaje?" Tilde alimwuliza Osvald siku moja.

"Maneno yapo. Wakiniangalia yanaganda."

"Mimi je, sikuangalii?"

"Wewe unaangalia kompyuta."

Kwenye maegesho ya baiskeli, wiki ya mwisho, Karla alimsubiri. "Umenikasirikia?"

"Hapana."

"Ni mama ndiye aliye—"

"Ungeniambia mwenyewe, Karla. Ningekukasirikia siku mbili, yakaisha." Akapanda baiskeli yake akaondoka, na kilima chote cha kwenda nyumbani alikipanda akiwa amesimama.

*

Mtihani ulifanyika katika chumba cha ghorofani kinachotazama bandari. Makundi yaliingia mawili mawili, na kwa vile duniani hakuna huruma katika mambo kama hayo, Tilde na Osvald waliingia pamoja na Karla na Malthe. Meza moja pembe hii, nyingine pembe ile. Kati yao walitembea Henning na mtahini wa kutoka nje, mama mmoja aitwaye Ragnhild, mpole wa sauti, miwani imening'inia shingoni kwa uzi, daftari mkononi. Kazi ilikuwa ya saa mbili. Watahini hupita, husikiliza, huuliza, huenda meza ya pili, hurudi.

Swali la Tilde na Osvald lilihusu mfereji wa kukingia maji ya paa. Una bati refu, upana wake sentimita thelathini. Unalikunja pande mbili kusimamisha kuta. Ukunje wapi ili mfereji ubebe maji mengi kuliko yote?

Tilde akajenga. Ukuta ukipanda, sakafu inapungua. Ukuta ukishuka, sakafu inatanuka lakini kina hakuna. Akavuta taratibu, eneo likapanda, likafika kileleni ukuta ulipofika saba na nusu, kisha likaanza kushuka.

"Saba na nusu," akanong'ona. "Na usiniulize, najua utaniuliza."

Osvald alikuwa ameinama juu ya karatasi. Akachora mfereji, kisha juu yake akachora mfereji mwingine uliopinduka, midomo imegusana. "Uakisi," akasema kwa sauti ya chini mno.

Tilde akabonyeza. Kwenye kioo cha kompyuta mfereji ukapata pacha wake juu, na ile miwili ikafunga umbo moja. Sakafu kumi na tano, dari kumi na tano, ukuta saba na nusu mara mbili.

"Mraba," Tilde akasema.

"Mraba," Osvald akaitikia. "Mstatili wowote wenye mzingo ule ule una eneo dogo kuliko mraba. Sasa fungua kuta. Nani kasema lazima zisimame wima?"

Tilde akazilaza kuta nje kidogo, akarefusha, akafupisha. Eneo likapanda kupita lile la kwanza. Akavuta hadi likagoma kupanda. Sakafu kumi, kila ukuta kumi. Akauakisi bila kuambiwa. Likatokea umbo la pembe sita, pande zote sawa, limetulia kwenye kioo kama sega la nyuki. Osvald akamweleza kwa nini, maneno machache, upesi, kwa sababu viatu vya Ragnhild vilikuwa vinakuja.

"Haya, tuambieni mmefika wapi," Ragnhild akasema, akavuta kiti.

Tilde akaeleza saba na nusu, akaonyesha eneo linavyopanda na kushuka. Ragnhild akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akamgeukia Osvald. "Na wewe Osvald, ungeongeza nini?"

Osvald akaitazama meza. Midomo ikatikisika.

"Hakuna haraka, sema tu," Ragnhild akasema kwa upole, na upole ule ukazidi kumgandisha. Kule pembeni hata Malthe aliacha kuongea. Ragnhild akaandika kitu kifupi daftarini, akainuka. Henning alimtazama Tilde kama mtu anayetaka kusema jambo na haruhusiwi, akamfuata mwenzake.

"Wataniandikia sifuri," Osvald akasema walipokwenda. Hakulalamika. Alisema kama anayesoma namba.

Tilde akatazama kioo. Mraba ulikuwa pale, na pembe sita ilikuwa pale. Mraba aliuelewa. Pembe sita alikuwa anakaribia kuielewa. Wakirudi, angeweza kuvisema vyote viwili mwenyewe, na wangeandika kwamba Tilde amevisema, na ingekuwa kweli. Aliwaza Holstebro. Aliwaza matundu ya injini, na Aksel akisema huko sina ubavu. Kule upande wa pili Karla alikuwa akieleza, sauti yake ikipanda na kushuka kwa raha kama zamani.

Viatu vikarudi. Ragnhild hajakaa vizuri, Tilde akageuza kiti, akampa mgongo, akamwelekea Osvald kama walivyokuwa wakikaa jikoni. Hakumtazama machoni. Alitazama karatasi yake.

"Sielewi," akasema kwa sauti. "Huu mraba umetoka wapi?"

Osvald akashangaa. "Si nimekwambia—"

"Sikuelewa. Kwa nini uuakisi?"

"Kwa sababu mfereji uko wazi juu," Osvald akasema. "Umbo lililo wazi ni gumu kulilinganisha. Ukiliakisi linafungika."

"Likifungika ndiyo nini?"

"Ndiyo unajua mzingo wake ni sitini, haubadiliki. Sasa unauliza jambo rahisi tu: mstatili gani wenye mzingo wa sitini una eneo kubwa?"

"Upi?"

"Tilde! Mraba!"

Upande wa pili wa chumba, Malthe akamtupia Karla tabasamu dogo, lile la unaona, nilikwambia. Tilde aliliona kwa pembe ya jicho. Shingo ilimwaka moto hadi kwenye nywele, lakini kiti hakukigeuza.

"Haya, mraba," akasema. "Na kuta zikilala je?"

Na Osvald akasema. Alisema jinsi umbo lililofungwa, kadiri linavyosogelea duara, ndivyo linavyobeba zaidi kwa mzingo ule ule. Kwamba bati likikunjwa mara mbili, pacha wake akiwekwa juu, ni pande sita, na kati ya maumbo yote ya pande sita lile lililo sawa ndilo lililo karibu na duara kuliko mengine. Tilde akauliza tena, akauliza na tena. Osvald akachukua penseli, akachora, akamkaripia, akasahau kwamba yupo mtu mwingine chumbani. Ragnhild alikuwa ameacha kuandika, anasikiliza.

*

Waliitwa mmoja mmoja. Osvald alitoka akiwa ameinua vidole vyote kumi, kama mtu aliyeamriwa kunyoosha mikono na askari. Kumi.

Tilde akaingia. "Programu unaimudu sana," Ragnhild akamwambia. "Michoro yako ni safi, na sehemu ya kwanza uliieleza. Lakini zile hoja nzito zilikuwa za mwenzako, wewe ulikuwa unauliza. Tunapima tulichosikia."

"Ndiyo."

"Una la kuongeza?" Henning akamwuliza. Alimkazia macho kuliko swali lilivyohitaji.

Tilde akafikiri. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na nje Osvald alikuwa bado amesimama na mikono yake juu. Akiueleza ule mraba sasa hivi, watamwuliza mbona pale mezani alisema haujui.

"Hapana," akasema.

"Basi ni mbili," Ragnhild akasema. "Umefaulu."

Kwenye ujia Lisbet alikuwa na keki ya kuoka mwenyewe, imechomekwa bendera ndogo za karatasi, na Annemette naye alikuwa na yake kwa ajili ya Karla. Karla alikuwa amepata kumi na mbili. Annemette akamkumbatia Tilde, akasema, "Mbili! Umeona? Inatosha kabisa!" Lisbet akamshukuru. Akakata keki vipande vikubwa kuliko kawaida yake, na kimoja akampelekea Osvald, akakiweka kwenye kizingiti cha dirisha karibu naye, akaondoka.

Majibu ya ule mtihani wa kuandika yalikuwa bado. Kwa wiki mbili nyumba ile ilizungumza mambo mengine yote. Lisbet alichukua zamu za ziada pale kwenye nyumba ya wazee anapofanya kazi ili asikae nyumbani akisubiri. Ejgil alipaka rangi uzio ambao haukuhitaji rangi. Tilde alilala sana. Usiku mmoja alimwota Aksel akimwonyesha karakana mtoto mwingine.

Majibu yalipofika, Ejgil aliyasoma akiwa amesimama, akaketi, akayasoma tena.

"Mbili," akasema. "Mbili na mbili, wastani mbili. Hata mimi hesabu hiyo naiweza." Akampa Lisbet karatasi, akatoka nje, akaonekana akiuzungukia ule uzio, anaugusagusa kama ng'ombe wa mnadani, hajali rangi inayomshika vidole.

*

Kilichofuata kilipitia njia inayopitiwa na mambo yote ya mji ule. Karla alikaa na jambo moyoni hadi Julai, kisha akamwambia mama yake. Annemette akamwambia Flemming. Na Flemming, asubuhi moja kiwandani, akasimama kando ya meza ya kukatia vioo, akavua kofia yake ya plastiki, akaivaa tena.

"Ejgil. Karla anasema binti yako alijifanya hajui. Kule kwenye mtihani. Ili yule kijana apate kuongea."

"Nani kasema?"

"Karla. Anamjua, amekaa naye meza moja tangu utotoni. Anasema Tilde akiwa haelewi haulizi, hunyamaza." Flemming akaishika tena ile kofia. "Na sisi tuliwaletea ile keki. Annemette hajisikii vizuri moyoni."

"Mwambie ilikuwa nzuri," Ejgil akasema. "Safari hii kweli. Niliionja hapa hapa."

Hakumwuliza Tilde siku ile, wala wiki ile. Agosti ilipofika alimpeleka Thyborøn kwa gari kwa sababu basi la kwanza lingemchelewesha. Walipita bahari kushoto na ghuba kulia, Tilde amevaa suruali mpya ya kazi yenye mifuko mingi kuliko vitu alivyokuwa navyo. Walipofika langoni kwa Aksel, Ejgil akazima injini.

"Kwa hiyo ulikuwa unajifanya," akasema, akitazama mbele.

Tilde hakumwuliza kuhusu nini. "Nani kakwambia?"

"Watu. Ungekosa nafasi hii, unajua?"

"Najua."

"Na maswali yote yale uliyouliza, majibu ulikuwa nayo."

Tilde akafungua mkanda. "Si yote," akasema. "Mraba nilikuwa naujua. Ile ya pembe sita sikuwa nimeielewa."

Ejgil akageuka kumtazama, kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akaegemeza paji la uso kwenye usukani. Aksel akatokea mlangoni mwa karakana na kikombe cha kahawa, akashangaa gari lina nini.

"Na sasa?" Ejgil akauliza alipopata pumzi.

"Sasa naielewa," Tilde akasema, akashuka.